Mvinyo wa Mwaka wa Moshi

Mireya alimwona Nibaldo akiwa bado mbali, akipanda kilima kwa miguu katikati ya mizabibu iliyokwisha pukutika majani, kofia mkononi na mvua inamnyeshea. Mwanamume anayevua kofia kwenye mvua ana jambo zito moyoni. Alivaa koti jeusi la kuazima, mikono yake mifupi, na kila baada ya hatua kadhaa aliivuta ifike viganjani kama mtoto anayepelekwa kubarikiwa.

Hakungoja afike mlangoni. Alijitupia shali kichwani, akatoka kwa mlango wa jikoni na kushuka mbio hadi kwenye lango la miti.

"Ishia hapo hapo!" alimwita kwa sauti ya chini. "Usiingie kwanza."

Nibaldo Crisosto akasimama. Tabasamu lilianza upande mmoja wa mdomo, kama kawaida yake, likachelewa kufika upande wa pili.

"Mbona unakimbia kama kuku aliyeona mwewe? Mzee kabadili mawazo?"

"Hajabadili. Yuko ndani, kavaa shati jeupe, kajinyoa mpaka kajikata. Shangazi Zunilda amepika kitoweo cha sikukuu ya Mtakatifu Yohana tangu jana, nyama za kila aina na cheri kavu. Wanakusubiri."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Nina ombi."

"Wewe tena? Leo mwombaji ni mimi. Nimekariri maneno ya posa njia nzima, ng'ombe wote wa bondeni wameshakubali."

Mireya alicheka, na kicheko chenyewe kikamwumiza. Alimpenda mtu huyu tangu siku zile alipokuwa anavuka mpaka wa mashamba yao kuja kuiba zabibu ambazo kwao zilikuwepo tele. Alipenda hata vidole vyake, vilivyobaki na rangi ya zambarau mwaka mzima. Sasa aliviona vinaizungusha ile kofia iliyolowa, akatamani avishike tu, asiseme kitu.

"Kabla hujafungua mdomo," alisema, "baba atakumiminia mvinyo wa mwaka huu. Atakuuliza ukoje. Mwambie ni mzuri."

Kofia ikaacha kuzunguka.

"Umeuonja?"

"Nimeuonja."

"Halafu?"

"Unaniuliza nini, Nibaldo, na wewe ndiye uliyetabiri?"

Wote wawili walikumbuka.

Ilikuwa kiangazi kilichopita. Moto ulianzia kwenye mashamba ya misonobari upande wa kusini, ukavuka mlima kwa mchana mmoja na kuteremka bondeni. Shamba la akina Crisosto liliungua lote, nyumba na mizabibu ya babu wa babu. Wazazi wa Nibaldo walihamia mjini Concepción kwa binti yao, na hawakutaka kurudi hata kutazama. Shamba la akina Inostroza moto haukuligusa. Don Eleodoro, baba yake Mireya, alisimama mpakani na gunia lililolowa maji, akaupiga moto huku akivuta moshi ule ule kifuani, mpaka upepo ulipogeuka. Watu walisema ni muujiza. Lakini moshi haukuondoka. Ulijilaza bondeni kama mgonjwa, ukakaa juu ya zabibu zilizokuwa ndiyo kwanza zinageuka rangi.

Mizabibu ya kilima kile haimwagiliwi maji wala haifungwi kwenye waya. Kila mti husimama peke yake, mfupi na mnene, mizizi imezama kwenye mchanga mwekundu wa mawe ya matale kutafuta unyevu. Zabibu zake huwa ndogo, na ganda lake ndilo lenye kila kitu: rangi, ukali, na ile harufu ya majani ya porini inayoletwa na upepo wa baharini kila jioni. Kwa hiyo akina Inostroza, tangu enzi na enzi, huzisugua zabibu kwa mikono juu ya wavu wa mianzi, na kuziacha zichachuke pamoja na maganda ndani ya hori la mbao hadi zitulie zenyewe. Mvinyo wao ulijulikana bonde zima la Itata. Na mwaka ule, ganda lilikuwa limekunywa moshi.

Nibaldo, aliyesomea kazi hiyo na kufanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha mvinyo kule Coelemu, alikuja siku ya kwanza ya mavuno kumwambia mzee: Don Eleodoro, moshi uko kwenye ganda. Zikamue leo leo, tupa maganda, chukua maji tu. Utapata mvinyo mwepesi wa rangi ya waridi, lakini utakuwa safi. Mzee alimfukuza na mkasi wa kupogolea mkononi. "Baba yangu hakutengeneza maji ya waridi!" alipiga kelele. "Babu yangu hakutengeneza maji ya waridi! Aliyeunguliwa shamba anifundishe shamba?" Iliwachukua miezi kusameheana neno lile la mwisho, na bila Shangazi Zunilda kuingia kati, Nibaldo asingekanyaga tena kilima kile.

"Mwanzoni nilidhani umekosea," Mireya alisema pale langoni. "Ulipomaliza kuchacha ulikuwa mzuri, Nibaldo, ulinukia kama miaka yote. Niliimba siku ile. Halafu wiki zilivyokwenda ukaanza kubadilika. Ukiuweka mdomoni ni tunda. Ukimeza, ndiyo yanakuja. Jivu. Dawa ya vidonda. Jiko lililozimwa kwa maji."

"Ndivyo unavyokuwa. Moshi hujificha ndani ya utamu, hutoka taratibu." Alipangusa mvua usoni. "Lakini baba yako mwenyewe ameuonja. Ana pua kali kuliko mbwa wa kuwindia."

Mireya alitazama kule nyumbani, kisha akasogea karibu naye.

"Hana," alinong'ona. "Baba hasikii harufu. Tangu moto ule."

"Unasema nini?"

"Siku moja vuli hii niliingia jikoni, maharagwe yameungua mpaka sufuria imetoboka, moshi huoni ukuta. Yeye amekaa pembeni anasuka kapu, anapiga mluzi. Nikafungua dirisha, sikusema kitu. Naye hakusema kitu. Hajui kwamba najua."

"Mungu wangu. Mtu asiyesikia harufu anatengenezaje mvinyo?"

"Kwa kukumbuka," Mireya alijibu. "Anainamia glasi, anafumba macho, anakumbuka. Anasema ni mvinyo wake bora tangu mama afariki. Nimwambieje? Niambie wewe, ungemwambiaje?"

Nibaldo alikung'uta maji kwenye kofia.

"Si kwa siku zote. Leo tu. Acha posa ipite, acha kwanza aone furaha. Nitamwambia mimi, polepole, kwa wakati wangu."

"Mireya, mimi sijui kudanganya juu ya mvinyo. Juu ya mengine najitahidi."

"Kwa ajili yangu."

Nibaldo alimtazama. Yalikuwa macho ya mtu anayetia sahihi kitu bila kukisoma. Kisha akavaa kofia yake iliyolowa, akalisukuma lango.

"Kwa ajili yako," alisema, "ningesema hata siki ni asali."

*

Shangazi Zunilda, dada yake Don Eleodoro, alikuwa mama wa kimo kifupi na maneno marefu. Alimpokea Nibaldo kwa kumvua koti na kumkagua kama anayenunua farasi.

"Umekonda. Huko Coelemu wanakulisha karatasi? Kaa hapa karibu nami. Kile kiti cha pili kina mguu wa kuazima, kama hilo koti lako."

"Shangazi!" Mireya alilalamika.

"Shangazi nini? Anakuja kuoa, lazima ajue samani."

Hata Don Eleodoro alitabasamu kidogo. Alikuwa mrefu, mabega yameanza kuinama, na kwenye kidevu chake lile jeraha la wembe lilikuwa bado jekundu. Alimpa Nibaldo mkono, akaubana sana, akamwonyesha kiti. Kitoweo kikaletwa kinafuka. Mireya alikaa mkabala na Nibaldo, na kwa muda kidogo, kijiko kikigonga sahani na mvua ikipiga bati, alijiruhusu kuamini kwamba Jumapili zote zitakazokuja zitakuwa hivi: watu wanne, mkate wa moto, na macho yale ng'ambo ya meza yakimtafuta kila akitaka chumvi.

Kisha baba yake akanyanyua birika la udongo.

Alimimina taratibu kwenye glasi nene. Mvinyo ulikuwa na rangi nzuri, rangi ya komamanga. Don Eleodoro aliinua yake kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha, akaingiza pua ndani na kufumba macho. Mireya aligeuza uso. Hakuweza kumtazama.

"Mimi daktari kanikataza," Shangazi Zunilda alisema upesi, akifunika glasi yake kwa kiganja.

"Onja, kijana," alisema mzee.

Nibaldo akaonja. Mireya aliona koo lake likimeza, akaona na ule mshtuko mdogo kwenye kona ya jicho, jivu lilipomfikia. Hakukunja uso. Aliweka glasi chini kama mtu anayelaza mtoto.

"Ukoje?"

"Ni mzuri, Don Eleodoro."

"Mzuri ni neno la kusifia viatu. Nakuuliza mvinyo."

Nibaldo alivuta pumzi, akamtazama Mireya, kisha akaanza kusema. Na Mireya, aliyeomba uongo, hakuwa ametegemea uongo mzuri kiasi kile. Nibaldo alisema cheri zilizokauka juani. Alisema udongo mwekundu baada ya mvua ya kwanza. Alisema upepo wa baharini unaopanda jioni na majani ya porini yaliyosuguliwa kiganjani. Alikuwa anausimulia mvinyo wa miaka mingine, ule alioiba utotoni, ule aliotamani kuunywa siku ya ndoa yake. Shangazi Zunilda aliacha kutafuna.

"Na moshi?" aliuliza mzee.

"Moshi sikuusikia."

"Kwa hiyo ile siku ya mavuno ulikosea."

"Nilikosea, Don Eleodoro."

Don Eleodoro aliisogeza glasi yake mbali, hadi katikati ya meza. Alipoongea, sauti yake haikuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomtisha Mireya.

"Mimi sisikii harufu, kijana. Tangu moto ule. Kahawa, mkate, mavi ya farasi, kwangu yote ni maji."

Shangazi Zunilda akafanya ishara ya msalaba.

"Lakini bado nina masikio. Wiki iliyopita nilimpelekea Don Custodio wa kule kinuni kikombe kimoja. Unamjua Custodio, mzee asiye na meno wala adabu. Aliutemea kuku wake. Akaniambia, 'Eleodoro, umeniletea maji uliyozimia jiko?' Nikarudi nyumbani na akili yangu. Nikasema, yule kijana alisema kweli, nami nilimfukuza kama mbwa. Nikasema, acha aje siku ya Mtakatifu Yohana. Nitamwuliza mbele ya watu. Akiniambia, 'Mzee, umeharibu,' nitasimama nimkumbatie. Nitampa binti yangu, nitampa na shamba, awe pua yangu mpaka nife. Nilitaka mtu mmoja tu. Mmoja, wa kuniambia ukweli kwenye meza yangu."

Shangazi Zunilda aliweka kijiko chini.

"Umekaa hapa ukaniimbia," mzee aliendelea. "Kama anayemwimbia kipofu kwamba kuna mwezi. Nani amekutuma?"

Hapo ndipo Nibaldo alipomtazama Mireya.

Macho yale hayakumlaumu. Yalimngoja tu. Yalimngoja kwa upole, yakimwachia nafasi, kama mtu anayeshika mlango ili mwenzake apite. Na Mireya alijua neno la kusema. Lilikuwa neno fupi. Lilipanda likafika kwenye ulimi, nalo likamkuta baba yake ameketi pale na shati lake jeupe na jeraha lake la wembe, na hofu ya miaka yote ya kuwa mtoto mwema ndani ya nyumba ile ikalirudisha chini. Akainamisha macho. Akakitazama kitambaa cha meza, maua yake ya bluu, doa la mchuzi.

Akasikia kiti kikisukumwa nyuma.

"Hakuna aliyenituma," alisema Nibaldo.

"Basi mtu anayenidanganya mchana kweupe juu ya mvinyo wangu, binti yangu atamdanganya juu ya nini?"

"Don Eleodoro." Nibaldo alishika mgongo wa kiti. "Mara ya kwanza nilikwambia ukweli, ukanitoa na mkasi. Leo nimekwambia uongo, unanitoa kwa maneno. Mtu akufanyie nini wewe?"

Mzee aliitazama glasi yake katikati ya meza.

"Nilitaka uniambie mara ya pili," alisema.

Nibaldo alichukua koti la kuazima pale ukutani. Hakulivaa. Alimshukuru Shangazi Zunilda kwa chakula, akafungua mlango, na baridi ikaingia mahali pake.

*

"Mireya," alisema Shangazi Zunilda, "mdomo wako umeshonwa?"

Hapo ndipo ulipofunguka. Hapo, mtu ameshatoka, mlango umeshafungwa.

"Ni mimi, baba. Mimi ndiye niliyemwomba. Yeye hakutaka. Nilimsimamisha langoni nikamlazimisha."

"Najua," alisema Don Eleodoro.

"Unajua?"

"Tangu ulipokitazama kitambaa cha meza. Mama yako naye alikuwa hivyo hivyo, akinificha jambo husoma kitambaa."

Mireya alisimama.

"Kama ulijua, mbona umemwacha atoke?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Mzee alijifuta uso kwa kiganja, akaonekana ghafla amechoka sana. "Nilisema moyoni, sasa atasema. Sasa hivi. Hawezi kumwacha mwenzake abebe. Nikangoja."

"Na wewe mbona ulinificha pua yako? Ningekusaidia. Mavuno yale tungemsikiliza Nibaldo!"

"Mtengeneza mvinyo asiye na pua ni nini, mwanangu? Ni padri aliyesahau sala. Niliona aibu mbele yako."

"La kuvunda halina ubani," Shangazi Zunilda alinung'unika, akikusanya sahani ambazo hakuna aliyemaliza. "Nyumba nzima mnapendana mpaka hamwambiani kitu. Haya, unangoja nini, msichana? Miguu nayo imeshonwa?"

"Mfuate," alisema baba yake, bila kumtazama. "Mwambie mimi ndiye ninayemwita. Mwambie nimekosea mara mbili."

Mireya alitoka bila shali. Alikata katikati ya mizabibu, akiteleza kwenye udongo mwekundu, matawi makavu yakimshika sketi kama mikono ya watu wanaomzuia. Alianguka, akainuka. Chini kabisa, penye njia panda ya kwenda Coelemu, kulikuwa na kibanda cha kungojea basi, na ndani yake, Mungu mkubwa, alikuwa bado ameketi.

"Baba anakuita!" alisema, akihema. "Nimemwambia. Nimemwambia yote. Anasema amekosea mara mbili, anasema urudi."

Nibaldo aliinua uso. Alikuwa amelia, naye hakujificha.

"Baba anaita. Na wewe?"

"Mimi? Mimi ndiye huyu niliyekuja mbio!"

"Umetumwa."

"Nibaldo..."

"Ulimwambia lini?"

Mireya hakuelewa.

"Ulimwambia lini kwamba ni wewe? Nikiwa ndani, au nimeshatoka?"

Mvua ilipiga paa la kibanda. Mireya aliinamisha macho, kama pale mezani.

"Unajua," Nibaldo alisema polepole, "shamba letu lilipoungua, sikulia. Nilizika hata farasi, sikulia. Nilikuwa najiambia, Mireya yupo. Hasira za mzee nazo ningezibeba, nimezizoea, ni kama mvua ya mawe, inapiga inapita. Lakini pale mezani nilikutazama, nikaona uko radhi nizame ili wewe usilowe."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Hata mimi niliogopa. Ila mimi niliogopa nikiwa upande wako."

Mireya alikaa kando yake kwenye benchi. Mabega yao yaligusana, na joto lile dogo, kupitia nguo zilizolowa, lilikuwa baya kuliko baridi yote. Alitaka kuegemeza kichwa. Hakujua kama bado ana ruhusa.

"Kiwanda kinafungwa," alisema Nibaldo. "Bonde zima zabibu zimeharibika, hawana cha kutengeneza. Kuna watu wanapanda mizabibu kule kusini, mbali, kwenye nchi ya maziwa na mvua, mahali ambapo zamani hata nyanya hazikuiva. Wananitaka. Niliwakatalia juzi, kwa sababu ya leo."

"Na sasa?"

"Sasa nitawapigia simu." Akageuka, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, na kwa dakika ile uso wake ukarudi kuwa ule wa zamani. "Twende wote. Hivyo hivyo ulivyo, na matope yako. Tukiwa mbali tutajifunza kusemezana. Mireya, twende."

Moyo wa Mireya ulisimama ukaondoka, ukapanda basi, ukakaa dirishani. Yeye alibaki kwenye benchi.

"Baba hasikii moshi," alisema.

"Nini?"

"Misonobari imetuzunguka pande tatu. Kiangazi kitakuja. Moto ukija amelala, nani atamwamsha? Ataungua kitandani akiota ndoto, Nibaldo. Shangazi anarudi kwake kesho. Hayupo mwingine."

Nibaldo aligeuka. Alitazama kilimani, kule ambako moshi wa jiko la akina Inostroza ulipanda mweupe ndani ya mvua.

"Hilo sina jibu lake," alikiri.

Sasa lilikuwa limebaki neno moja. Baki. Mzee ameshaita, mlango uko wazi, angemwambia tu baki, angalau angejua amemwomba. Nibaldo alilingoja, Mireya aliona analingoja, kwa macho yale yale ya mezani. Lakini alimwona pia amerudi kwenye nyumba aliyoaibishwa, akitazama kila asubuhi visiki vyeusi vya baba yake ng'ambo ya mpaka, akimchunguza mkewe kila jambo zito likitajwa ili aone kama atainamisha macho. Alijiambia kwamba kumwomba abaki ni kumwomba anyauke. Alijiambia kwamba kunyamaza ni kupenda. Huenda alikuwa sahihi. Huenda ilikuwa ni hofu ile ile, imebadili nguo tu.

Basi lilikuja na matope yake, likasimama. Dereva akafungua mlango, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Kaka, unapanda au unafunga ndoa? Mvua inaingia."

Nibaldo akasimama. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, akageuka, akangoja. Mireya aliona tone la maji likiteremka kutoka kwenye nywele zake hadi kwenye nyusi, likakaa hapo.

"Vaa koti," alisema. "Utaugua."

Nibaldo aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa. Akapanda. Kioo kilikuwa na ukungu, na mkono uliokifuta kwa ndani, kama ulikuwa wake, haukupunga.

*

Mireya alimkuta baba yake kwenye ghala la mvinyo. Shati jeupe lilikuwa limekunjwa hadi viwikoni. Alikuwa amefungua bomba la pipa la kwanza, na mvinyo wa mwaka ule ulikuwa unamwagika sakafuni, ukifuata mfereji, ukitoka chini ya mlango kuelekea mashambani. Ulikuwa mzuri kuutazama.

"Unanuka?" aliuliza mzee.

"Unanuka, baba."

"Unanuka nini? Niambie sawasawa. Usinihurumie."

Mireya alisimama kizingitini, maji yakimchuruzika. Akavuta pumzi ndefu.

"Mwanzo ni cheri," alisema. "Halafu majivu ya msonobari. Halafu kitu kama bandeji za hospitali, baba, kitu kichungu, kinabaki kooni."

"Hakuna kingine? Hata chini kabisa?"

"Chini kabisa kuna ile harufu yetu. Ndogo. Kama mtu anayeita kutoka mbali."

Don Eleodoro alitikisa kichwa taratibu. Walisikiliza mvinyo ukimwagika mpaka ukaanza kukatika. Kisha akauliza, akiwa bado ameinamia pipa:

"Amesema atarudi?"

"Hakusema."

"Ulimwomba?"

Chini bondeni, basi jingine lilisikika likibadili gia kupanda mlima, likanguruma, likatulia ng'ambo.

"Hapana, baba," alisema Mireya. "Sikumwomba."

Mzee alisubiri kidogo, labda kuna neno litafuata. Halikufuata. Akajivuta hadi kwenye pipa la pili, akapiga magoti, akafungua bomba.